Ayala Wanaokufa na Talaka Uliyoniomba

Bawshar, Maskati
Jumatano, baada ya alasiri

Mama yangu,

Assalamu alaykum. Naomba barua hii ikukute goti limekupa nafuu na umekaa barazani kwako, na anayekusomea awe dada Zuhura, kwa sababu humu nimeandika mambo ambayo sitaki yapite kwa mwalimu wa madrasa wala kwa jirani. Zuhura, soma polepole wala usiruke kitu. Ukifika pagumu pumua, kisha endelea. Je, hamjambo wote? Mvua za huko zimeanza? Muhogo wa shamba la juu umesalimika, au nguruwe wamerudi? Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, na mgongo ni wa kazi, hauna habari mpya.

Barua yako niliipata. Unaniambia nimwandikie Mwanaidi talaka, niitie kwenye bahasha, wewe uipeleke kwao ulikomrudisha na mtoto, jambo liishe. Unasema damu yake inaua watoto, kwamba Salma tumemzika na sasa Bakari naye macho yamegeuka njano na mikono inavimba kama alivyoanza dada yake. Unasema binti wa mjomba ameridhia, ananisubiri. Na unasema shemeji zangu wametoa neno kwamba nikinyamaza mpaka Maulidi watamwendea kadhi wenyewe. Yote nimeyasikia. Nilisoma barua hiyo mara nyingi mpaka imechanika kwenye mikunjo.

Sikunyamaza kwa kiburi, mama. Nimefungiwa. Likizo yangu ilikuwa mwezi huu, na nilikuwa nimeshanunua kanga zenu. Lakini hapa tulipo hatutoki, hata getini hatufiki, chakula tunapitishiwa juu ya ukuta. Sababu yake ni wanyama, na ni kwa wanyama hao nimepata jibu la barua yako. Kwa hiyo nivumilie, nianze na wao.

Unajua nililetwa kulisha mbuzi na ngamia katika shamba la tajiri, ambaye sisi wafanyakazi tunamwita arbab. Baadaye arbab akapenda wanyama wa kigeni. Akanunua ayala kumi na mmoja kutoka nchi ya baridi, waliokamatwa msituni. Hujapata kuwaona. Si paa wala si kulungu. Dume ana pembe zenye matawi kama mti uliopukutika, na mkia wa kila mmoja kwa chini ni mweupe, akishtuka anauinua kama mtu anayepunga leso. Walijengewa banda lenye viyoyozi kwa sababu jua la hapa lingewamaliza. Mimi na Mbangali mmoja, jina lake Shahjahani, tulilala kwenye chumba chenye feni moja inayokwama, na ukuta wa pili ayala wanapulizwa hewa ya baridi. Shahjahani alikuwa akisema, kwa Kiarabu chake cha kuvunjika, "Athumani, mwaka ujao omba kazi ya kuwa mnyama." Tulicheka, lakini siku za joto kali tuliwaza hivyo kweli.

Dume kubwa tulimwita Waziri, kwa mwendo wake wa kutotaka kusalimiwa. Jike kubwa tulimwita Bi Mkubwa. Alikuwa mpole, anakula kwenye kiganja cha mkono. Walizaa humu humu. Bi Mkubwa alizaa wanne, wote kwa Waziri, maana Waziri hakuruhusu dume mwingine asogee.

Kisha wale watoto wakaanza kuugua. Walikuwa wameshakuwa wakubwa, si wa kunyonya tena. Wa kwanza alikonda huku anakula. Alikunywa maji bila kushiba, mate yakimtoka, masikio yameanguka, kichwa amekiinamisha, anatembea njia moja kando ya ukuta siku nzima mpaka akatengeneza mfereji. Nilimpa dawa ya minyoo. Nilimpa majani mabichi ya kumwagilia, yale bora tunayowapa ngamia wa mashindano. Hakuna kilichosaidia. Alipoanguka, Shahjahani alikuja na kisu, kwamba tumuwahi asije akawa mzoga, nyama ni kidogo lakini kichwa kinafaa supu. Nilikuwa nimeshamgeuza kibla. Arbab akatuzuia, akasema mnyama wa thamani vile haliwi na wachungaji. Leo namshukuru kwa ubahili wake, na utaona kwa nini.

Wa pili akafuata, na wa tatu. Wote wa Bi Mkubwa. Arbab akaja amekasirika, akasimama mlangoni na kitambaa puani, akaniuliza, "Wewe ndiye unayeishi nao. Tatizo ni nani?"

Mama, siku zile barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeisoma asubuhi ile ile. Sikufikiri. Niliinua mkono nikamwonyesha Bi Mkubwa. Nikasema, "Huyu. Tumbo lake lina nuksi, kila anachozaa kinakufa."

Arbab akasema atolewe. Tukamtoa, tukamweka nyuma, kwenye uzio wa waya tuliokuwa tukiwekea mbuzi wa kuuza, kivuli chake ni kipande cha bati. Ulikuwa mwezi wa sita. Mwezi wa sita hapa ukiacha koleo juani huwezi kulishika. Nilimpelekea maji na barafu, lakini nilimpelekea kama mtu anayempelekea mfungwa mwenye kosa. Alisimama akiangalia banda. Siku ya tano nilimkuta amelala, ulimi umetoka, na ule mkia umekaa wazi, mweupe, hakuna aliyemshtua.

Hapo ndipo serikali ikamleta daktari wa mifugo. Ni mwanamke, Daktari Nasra, Mwomani ambaye wazee wake walitoka Unguja, na Kiswahili chake ni cha nyumbani kabisa. Aliposikia natoka Pangani alifurahi, akaniuliza kama bado tunapika mkate wa kumimina. Halafu akavaa glavu, akakata vichwa vya wale waliokufa, maana tulikuwa tumewahifadhi kwenye jokofu la nyama ya kulishia mbwa, kwa amri aliyoitoa kwa simu kabla hajafika. Akachukua damu ya wazima wote. Mimi na Shahjahani tuliwashika, mmoja pembe, mmoja miguu. Vitu vyote vikapelekwa nchi za nje kupimwa.

Aliniuliza kwa nini yule jike alikuwa peke yake nje. Nikamweleza.

"Nani kakwambia huyu ndiye mwenye maradhi?"

"Watoto wake ndio wanaokufa, daktari."

"Na hao watoto kawazaa peke yake?"

Nilimtafsiria Shahjahani, akacheka. Mimi sikucheka.

Majibu yalichukua muda mrefu. Wakati wote huo geti likafungwa, akawekwa askari, na pasi zetu ziko kwa arbab kama zilivyokuwa tangu siku ya kwanza. Nilipomuuliza arbab likizo yangu aliniambia hakuna kiatu kitakachotoka na udongo wa zizi lile mpaka mnyama wa mwisho ateketezwe na udongo wa juu uondolewe. Nikamuuliza itachukua muda gani. Akasema, "Muulize daktari." Nikamuuliza daktari, akasema, "Muulize arbab wako." Ndivyo ninavyoishi. Asubuhi nawalisha wanyama waliohukumiwa, jioni nautazama ukuta, na nyuma ya ukuta naona mataa ya majumba ya watu wa Bawshar na magari yakienda yanakotaka.

Siku majibu yalipofika daktari alikuja na makaratasi, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akasema vichwa vya wale watoto watatu vimekutwa na ugonjwa unaowala ayala hata wa porini huko kwao. Hauna dawa. Si mdudu wala kirusi, unakaa kwenye ubongo na uti wa mgongo, na hata moto wa jikoni hauuui. Hapo Shahjahani na mimi tulitazamana, tukakumbuka ile supu ya kichwa. Daktari akasema mpaka leo hakuna anayejua kwa hakika kama unaweza kumpata mtu, na yeye hataki sisi ndio tuwe wa kujaribiwa.

"Mama yako huko Pangani anafanya kazi gani?" akaniuliza.

"Anashona mikeka."

"Basi utanifahamu. Ndani ya mwili wa kila mnyama mna protini zilizokunjwa vizuri, kama ukili uliosukwa na mtu hodari. Katika maradhi haya ukili mmoja hujipinda vibaya. Ukijipinda, unauegemea wa jirani, nao unapinda, na wa jirani yake, hivyo hivyo, mpaka mkeka wote una matundu. Ndiyo maana unamwona anatembea hajui aendako."

"Na mbona wengine wazima? Wote wamekunywa birika moja."

"Hapo ndipo ilipo damu, Athumani. Ukili si wa namna moja. Kuna mnyama aliyerithi ule mwepesi kupinda, na kuna aliyerithi mgumu kidogo. Mgumu si kwamba haupindi. Hukawia. Na kila mnyama ana urithi mara mbili, mmoja kapewa na baba, mmoja kapewa na mama."

Akanionyesha karatasi. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, lakini herufi naziona. Mbele ya kila namba ya sikio kulikuwa na herufi mbili. Waziri, mwepesi na mwepesi. Wale watoto watatu, mwepesi na mwepesi. Mtoto wa nne, yule mwenye sikio lililochanika, ambaye mpaka siku ile alikuwa anakula vizuri, mwepesi na mgumu. Na Bi Mkubwa, mwepesi na mgumu.

Nilipitisha kidole kutoka namba hadi namba. Nikasema, "Kwa hiyo Waziri hakuwa na ule mgumu hata mmoja."

"Hana. Kama zizi hili liliwahi kuwa na kinga yoyote kwa watoto wale, kaileta yule jike. Mmoja kaipokea, watatu hawakuipokea. Hayo hayachagui mama wala hayachagui baba, ni majaliwa."

"Na kichwa chake yeye?"

Alikunja karatasi kwanza. "Kisafi. Yeye kauawa na jua."

Mama, nimebeba mifuko ya saruji mpaka mabega yakatoka damu, nimepigwa kofi na msimamizi mbele ya watu, sikulia. Siku ile nililia mbele ya mwanamke mgeni, kwa ajili ya mnyama. Akafikiri naogopa kufukuzwa. Ndipo nikamtolea barua yako, nikamsomea. Nilimwambia kuhusu Salma, kwamba alikufa na miaka minne, na kuhusu Bakari.

Akaniuliza maswali mfululizo. Macho njano? Ndiyo. Vidole vinavimba? Ndiyo. Analia mifupa kukiwa na baridi? Ndiyo, na Salma alikuwa hivyo hivyo.

"Hayo tunayo hata sisi huku," akasema. "Dada yangu kamzika mwanawe. Ni ugonjwa wa selimundu, chembe za damu zinajikunja kama mundu na kuziba njia. Usiuchanganye na huu wa ayala. Huo wa watoto wako hauambukizi, na hauhusiani na ubongo wala mnyama. Lakini mlango wake wa kuingilia ni ule ule. Mtoto haumwi mpaka apokee upande wa baba na upande wa mama. Akipokea upande mmoja tu haumwi kitu, ataubeba tu, hajui, mpaka naye azae na mwenzake mwenye kuubeba."

Nikamwambia haiwezekani, mimi ni mzima, nabeba mizigo.

"Nami nimekwambia nini sasa hivi?"

Watu wa afya walikuja kutupima damu sote kwa sababu tuliwashika wale wanyama. Daktari Nasra akawaomba yangu waipime na hilo pia. Karatasi imekuja juzi. Ninao, mama. Nusu ya kilichomuua Salma ilitoka kwangu. Mwanaidi alitoa nusu, mimi nikatoa nusu, na tulizaana bila kujua, kama watu wawili wanaofungua mlango mmoja kila mmoja kwa upande wake. Karatasi nimeiweka ndani ya bahasha hii. Zuhura, mwonyeshe mama, hata kama ni ya Kiingereza. Jina lililoandikwa juu ni langu, si la Mwanaidi.

Sasa nasema ambalo nimeliogopa zaidi. Zuhura, hapa ndipo pale pagumu.

Mimi nusu hiyo sikuiokota Maskati. Nimepewa na baba au nimepewa na wewe. Sijui ni nani, na hainipunguzii heshima yenu hata kidogo. Lakini mkumbuke mdogo wangu Hamisi. Nilikuwa na miaka tisa, nilimbeba mgongoni kwenda kisimani kwa sababu miguu ilimuuma kila kusi lilipovuma. Macho yake yalikuwa njano kama embe. Alipokufa, bibi mzaa baba alisimama uani akasema umeingia nyumbani kwao na tumbo la makaburi. Baba akakaa kimya. Ulifunga kanga zako, ukanishika mkono mimi, Zuhura ukambeba mgongoni, tukaenda kwa mjomba, tukakaa huko misimu miwili ya mvua. Nilikusikia ukilia chini ya mto. Sijapata kukuambia kwamba nilikusikia.

Na huko kwa mjomba nako, mama, kulizikwa wawili. Mlisema ni jicho la watu. Huenda ni hiki hiki. Huyo binti wa mjomba ni mwema, sina neno naye, lakini ametoka katika nyumba ile. Nikimwoa tukazaa, huenda tukachimba tena pale pale alipolala Salma. Mwambieni mjomba, kwa upole, amtangulize hospitali kabla hajamwoza kwa mtu yeyote.

Mimi nimeshamwonyesha arbab kwa kidole jike asiye na hatia, na najua kilichompata. Siwezi kunyoosha kidole hicho mara ya pili. Talaka sitaiandika. Ukikasirika, nikasirikie mimi.

Ningekuja mwenyewe kumchukua mke wangu, lakini nimekueleza nilivyo. Wiki iliyopita tuliwaua wengine, na jana wanne, kwa sindano, mimi ndiye niliyewashika. Yule mwenye sikio lililochanika aliinua mkia, akanilamba mkono, akidhani ni majani. Niliuliza kama huyo asingeachwa, kwa kuwa damu yake ina kinga. Daktari akasema kinga yake ni ya kukawia tu, na anaweza kuwa anao tayari, akausambaza huku bado mnene. Wamebaki watatu, Waziri akiwa mmoja. Baada ya hao kuna udongo, na baada ya udongo sijui. Huenda nikatoka kabla ya Maulidi, huenda Maulidi yakanikuta humu. Sitaki kukudanganya.

Kwa hiyo nakuomba wewe. Nenda ukweni kwangu, wewe mwenyewe, usimtume mtu. Waambie shemeji zangu kwamba mume wa dada yao hajamwacha. Kisha wewe na Mwanaidi mmpeleke Bakari hospitali kubwa ya Tanga, waambieni neno selimundu, nimeliandika pia nyuma ya karatasi. Daktari Nasra anasema wapo watoto wanaotunzwa wakakua, wakaoa. Anywe maji mengi, asilale na baridi, avae chandarua cha mbu kama nguo, na homa yoyote ikimshika asingojewe mpaka kesho wala asianzwe na mganga. Habari ya kuzaa tena, mimi na Mwanaidi tutakaa tuizungumze nitakaporudi. Hilo ni letu.

Nisalimie mjomba na umwambie sijamdharau. Nisalimie binti yake, umwambie ameepushwa na mimi na mimi nimeepushwa naye, asiwe na kinyongo. Nisalimie shangazi anayeuza vitumbua, na somo yangu mvuvi wa madema, na watoto wa Zuhura wote, hasa yule anayenidai mpira. Zuhura, wewe asante kwa kusoma mpaka hapa.

Bakari mpe mkono wangu kichwani.

Kwa Mwanaidi sikuandika salamu. Zangu kwake utazibeba wewe, mama, kwa mdomo wako, ukisimama mlangoni kwao. Wewe unajua maneno gani mwanamke aliyerudishwa kwao pamoja na mwanawe anataka kuyasikia kwa mkwewe, kwa sababu misimu miwili uliyangoja, na bibi hakuja.

Ni mimi mwanao,
Athumani Bakari